Chungu Kimevunjika: Kauli za Vitenzi na Masaibu Madogo ya Nyumbani Katika Mazungumzo ya Lusenda

1. Utangulizi

Hakuna nyumba isiyovunjika chombo. Maziwa humwagika, maharagwe huungua, ufunguo hupotea, mbuzi wa jirani huingia jikoni akamaliza mboga iliyokwisha kutwangwa. Mambo haya ni madogo, na wanafunzi wa lugha aghalabu huyapita bila kuyatazama, wakakimbilia hotuba, ngano na mashairi. Hata hivyo, mtu akisikiliza maneno ambayo majirani husemezana kutwa, kisimani, sokoni na mekoni, atakuta kwamba sehemu kubwa ni habari za masaibu ya aina hii. Mmoja hueleza lililomfika, mwenzake humpa pole, kisha naye huleta lake. Wakiachana, chungu hakijarudi kuwa kizima, lakini wao wawili wako karibu zaidi kuliko walivyokuwa.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi Kiswahili kinavyoifanya kazi hiyo. Mahali palipochaguliwa ni Lusenda, katika teritwari ya Fizi, Kivu ya Kusini, ambako watu wenye asili na lugha mbalimbali wanaishi ubavu kwa ubavu na kuazimana vyombo. Hoja kuu ni kwamba kauli ya kutendeka, yaani ile inayosema "chungu kimevunjika" bila kumtaja aliyekivunja, ina masharti ya matumizi ambayo vitabu vya sarufi havina budi kuyaeleza. Kauli hiyo ni haki ya aliyepata hasara. Yeye anaweza kuitumia kwa ajili yake mwenyewe, na anaweza kumpa mwenzake aliyekosa, kama zawadi. Mkosaji akiitwaa mwenyewe kabla ya kupewa, watu humwona kuwa anakwepa. Tofauti hii ndogo ya viambishi ndiyo inayoamua mara nyingi kama chungu kilichovunjika kitaishia katika kicheko au katika ugomvi.

Mifano ya mazungumzo iliyomo humu imetungwa kwa kufuata mwendo wa kawaida wa usemi, nayo imeandikwa kwa Kiswahili sanifu isipokuwa pale ambapo neno la Kivu linahitajika.

2. Lusenda na Kiswahili chake

Lusenda iko kando ya Ziwa Tanganyika, katika barabara inayotoka Uvira kwenda Baraka. Wenyeji wa sehemu hiyo kwa wingi ni Wabembe, nao huishi kwa kilimo, hasa cha muhogo, kwa michikichi itoayo mawese, na kwa uvuvi wa ndagala na mikeke. Nyumbani watu husema Kibembe. Sokoni, kanisani na njiani husema Kiswahili, na shuleni hukutana na Kifaransa.

Kiswahili hicho hakina sura moja. Kwanza kipo Kiswahili cha Kivu chenyewe, ambacho hupunguza upatanisho wa ngeli, hutamka "bintu" mahali pa "vitu", huita ugali "bugali" na kisamvu "sombe". Pili, kuna usemi ulioletwa na waliorudi kutoka Tanzania. Vita vilivyoanza mwaka 1996 viliwavusha ziwa watu wengi wa Fizi hadi mkoa wa Kigoma, ambako kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka huohuo. Kuanzia mwaka 2005 wengi wao walirudishwa kwa meli kupitia Baraka. Watoto waliokulia huko walirudi na matamshi na misemo ya Kigoma, hata wakatambulikana mara wafunguapo vinywa. Tatu, mwaka 2015, baada ya machafuko ya kisiasa ya Burundi, kambi ya wakimbizi ilifunguliwa Lusenda. Ilipojaa, kambi nyingine ilifunguliwa Mulongwe, katika teritwari hiyohiyo. Miongoni mwa Warundi hao, waliotoka Bujumbura na Rumonge aghalabu walikuwa na Kiswahili tayari, ilhali waliotoka vijijini walikuwa na Kirundi tu na ikawabidi wajifunze.

Kwa hiyo, mwenyeji, aliyerejea na mkimbizi hukutana wakiwa na Kiswahili cha namna tatu. Hukutana hasa katika mambo ya nyumbani: kuni, maji, kinu, sufuria, kibiriti, shitingi ya kuezekea. Vitu hivi ni haba, na kwa kuwa ni haba huazimwa, na kwa kuwa huazimwa huharibikia mikononi mwa asiye mwenyewe. Hapo ndipo lugha ya masaibu madogo inapopata uzito ambao haungeonekana mahali penye vyombo vya kutosha.

3. Njia nne za kusema jambo moja

Sarufi ya Kiswahili humpa msemaji njia kadhaa za kueleza tukio moja la hasara. Tungo zifuatazo zote zaweza kusemwa juu ya chungu kimoja, siku moja, na vigae vyake vikiwa vingali chini:

(1) Nimevunja chungu.
(2) Chungu kimevunjika.
(3) Chungu kimenivunjikia.
(4) Nimevunjikiwa na chungu.

Katika tungo (1), kiima ni mtenda. Msemaji anajitaja kuwa ndiye sababu, na hasara ni matokeo ya tendo lake. Katika tungo (2), mzizi -vunj- umepokea kiambishi -ik-, chungu kimekuwa kiima, na mtenda ametoweka kabisa. Inafaa kutofautisha hali hii na kauli ya kutendwa. Mtu akisema "chungu kimevunjwa", hata asipomtaja mtenda, nafasi yake ipo, na msikilizaji ana haki ya kuuliza "na nani?" Lakini swali "kimevunjika na nani?" halikubaliki. Kauli ya kutendwa humficha mtenda nyuma ya mlango. Kauli ya kutendeka haikumjengea chumba.

Kiambishi hiki kina maana ya pili ambayo husaidia maana ya kwanza. "Vyungu huvunjika" yaweza kumaanisha kwamba vyungu vimekuwa vikivunjika, au kwamba vyungu ni vitu vyenye tabia ya kuvunjika. Hivyo, anayesema "kimevunjika" anadokeza pia kwamba jambo hili limo katika asili ya vyungu, na kwamba halikuhitaji uovu wa mtu yeyote ili litokee. Methali isemayo "ajali haina kinga" hutamka waziwazi kile ambacho kiambishi -ik- husema kwa kunong'ona.

Tungo (3) huongeza kiambishi cha kutendea baada ya kile cha kutendeka: -vunj-ik-i-a. Mtenda bado hayupo, lakini sasa yupo mtu aliyefikwa, naye anaonekana katika kiambishi -ni-. Chungu kimevunjika, na kuvunjika kwake kumenigusa mimi. Tungo (4) humchukua mtu huyohuyo aliyefikwa na kumweka mbele kama kiima: -vunj-ik-iw-a. Hapa habari yenyewe imehama kutoka kwa chungu kwenda kwa mtu.

Tungo za namna ya (4) ni nyingi katika usemi wa nyumbani, na zinastahili kutazamwa pamoja. Mtu husema "nimeishiwa unga", "nimenyeshewa", "nimepotelewa na ufunguo", "nimeharibikiwa", na katika hasara kubwa kupita zote, "nimefiwa". Katika kila neno kuna kitenzi ambacho hakihitaji mtenda, nacho ni isha, nyesha, potea, haribika au fa, kisha kikafuata kiambishi cha kutendea, na mwishowe kile cha kutendwa. Matokeo yake ni mtu aliyetendewa jambo ambalo hakuna aliyelitenda. Lugha nyingine hulazimika kutumia maneno mengi kueleza hali hiyo, lakini Kiswahili huimaliza kwa neno moja, na neno lenyewe hutosha kumfanya msikilizaji aseme "pole" kabla sentensi haijakwisha.

Si kila kitenzi hufuata njia ya -ik-. Vingine hubadilishana -ua na -uka, au -oa na -oka: kupasua na kupasuka, kutoboa na kutoboka. Vingine huanza bila mtenda, naye huongezwa baadaye kwa kauli ya kutendesha: kuungua na kuunguza, kupotea na kupoteza, kuanguka na kuangusha. Pamoja na tofauti hizo za umbo, msemaji daima ana jozi mbele yake, moja yenye mtenda na moja isiyo naye. Aunguzaye maharagwe lazima achague kati ya "nimeunguza" na "yameungua". Hakuna njia ya tatu ya kukaa kimya juu ya suala la lawama, maana kitenzi chenyewe kimekwisha kulijibu.

Inafaa kuongeza kwamba upungufu wa upatanisho wa ngeli katika Kiswahili cha Kivu haukuvigusa viambishi hivi. Msemaji wa Lusenda aweza kusema "chungu imevunjika" mahali pa "kimevunjika", lakini -ik- yuko palepale na kazi yake ni ileile. Mrundi naye hapotei, kwa kuwa lugha yake ina jozi za aina hii, kwa mfano kumena na kumeneka. Katika jambo hili, watu wanaotofautiana kwa matamshi na kwa msamiati hukutana katika mpango mmoja wa kitenzi.

4. Mwendo wa mazungumzo

Masaibu hayasemwi ovyo. Mtu hafiki mlangoni kwa jirani akaanza kulia juu ya sufuria. Salamu hutangulia, na salamu ya Kiswahili hudai jibu jema. Aulizwaye habari hujibu "nzuri" au "salama" hata kama nyumba inavuja. Baada ya jibu hilo jema ndipo huja neno dogo la kugeuza, kama "ila" au "lakini", na nyuma yake hasara:

— Jambo, mama. Habari ya asubuhi?
— Nzuri tu, ila moto wa leo umenishinda. Maharagwe yote yameungua.
— Pole, mama! Yote?
— Yote. Watoto wamekula bugali na chumvi, tena wakanicheka.
— Afadhali wamecheka. Mimi jana sombe niliyotwanga tangu alasiri, mbuzi ameimaliza. Nimebaki na kinu kitupu.
— Pole nawe! Basi leo tupike pamoja.

Mazungumzo haya mafupi yana hatua tano. Ya kwanza ni salamu yenye jibu jema. Ya pili ni hasara, ikitajwa kwa kauli isiyo na mtenda: si "nimeunguza" bali "yameungua", na moto ndio uliomshinda mama. Ya tatu ni pole pamoja na swali linaloonyesha kwamba msikilizaji amesikia. Ya nne ni neno la kupunguza uzito, ambalo mara nyingi huanza na "afadhali": afadhali ni chungu, si mkono, afadhali ni mchana, si usiku. Ya tano ni sa la kulipa, yaani msikilizaji huleta hasara yake mwenyewe, na mara nyingine msaada hufuata.

Hatua ya tano ndiyo muhimu kuliko zote kwa ujirani. Anayesimulia uzembe wake mdogo amejishusha mbele ya mwenzake, na asiyerudisha kitu humwacha chini peke yake. Arudishapo hadithi ya mbuzi, humrudisha mwenzake katika usawa. Kwa sababu hiyo, hasara inayorudishwa haipaswi kuishinda ile ya kwanza kwa mbali. Mtu akieleza habari ya maharagwe kuungua, mwenzake akajibu kwa habari ya nyumba nzima kuteketea, mazungumzo huvunjika, na msimulizi wa kwanza huona haya kwa kulalamikia kidogo. Ndiyo maana ya usemi "makubwa haya, madogo yana nafuu". Makubwa hufunga mdomo, na madogo huufungua.

Kuhusu kicheko pia kuna utaratibu. Gail Jefferson, mtafiti wa mazungumzo ya Kiingereza, alionyesha katika makala yake ya mwaka 1984 kwamba katika kusimulia shida, msimulizi mara nyingi hucheka, ilhali msikilizaji hachekelezi bali hulishughulikia jambo kwa uzito. Kicheko cha msimulizi huonyesha kwamba ameimudu hali. Mfano uliotolewa hapo juu unakubaliana na kanuni hiyo na kuiongezea kitu: katika Kiswahili, neno "pole" ndilo linalofungua mlango wa kicheko cha pamoja. Jirani anayecheka kabla ya kusema pole amemcheka mtu. Anayecheka baada ya pole amecheka naye. Watani wa kikabila au wa ukoo hupewa ruhusa zaidi, lakini hata wao wakijua kwamba hasara ni ya kweli hutanguliza pole.

5. Pole si samahani

Neno "pole" lenyewe linahitaji maelezo, kwa kuwa wageni wengi hulikosea. Kama kivumishi, -pole ni ya utulivu na upole, na watu hulihusisha na kitenzi "poa", yaani kupungua joto au kupona. Pwani na Bara Tanzania aliyepewa pole aweza kujibu "nimeshapoa", na jibu hilo huonyesha kwamba wasemaji wenyewe wanauhisi uhusiano huo. Katika Kivu jibu la kawaida ni "aksanti". Likisemwa kwa watu wengi huwa "poleni", likichukua -ni ileile ya vitenzi vya kuamuru, kana kwamba maumivu yenyewe yanaamriwa yapoe.

Matumizi ya neno hili ni mapana. Husemwa kwa mgonjwa, kwa msafiri, kwa aliyetoka shambani, kwa aliyejikwaa njiani, na kwa aliyefiwa. Katika hali zote hizo, asemaye pole hana kosa lolote. Hapa ndipo linapotengana na "samahani" na "nisamehe", ambayo ni maneno ya mkosaji. Kifaransa, lugha ya shule katika Kongo, hutumia "désolé" katika pande zote mbili, kwa kuhurumia na kwa kuomba radhi. Msomi aliyezoea Kifaransa, au mfanyakazi mgeni aliyefika kambini, anaposikia "pole" kwa mtu asiyehusika, aweza kudhani kwamba mtu huyo anakiri jambo. Kinyume chake, yeye mwenyewe akimkanyaga mtu mguu akasema "pole" bila "samahani", huonekana kama aliyemhurumia aliyeumia huku akisahau kwamba ndiye aliyemuumiza.

Warundi wana desturi iliyo karibu na hii. Husema "ihangane", maana yake "vumilia", na pia "mpore", neno linalofanana na "pole" kwa sauti na kwa kazi. Ipo tofauti ya mkazo inayostahili kuonwa: "pole" huyaambia maumivu yapoe, ilhali "ihangane" humwambia mtu astahimili. Mkimbizi anayeanza kujifunza Kiswahili aweza kuitafsiri desturi yake neno kwa neno na kumwambia jirani aliyepoteza ufunguo "vumilia". Kwa sikio la Kiswahili neno hilo ni zito mno kwa ufunguo, nalo hufaa zaidi msibani. Makosa ya aina hii hayavunji ujirani, lakini humwonyesha mwalimu mahali pa kufundisha.

6. Chungu cha kuazima

Hadi sasa mifano imehusu mtu aliyeharibikiwa na kitu chake mwenyewe. Huyo ana uhuru kamili wa kusema "kimevunjika", kwa kuwa hasara ni yake na hakuna wa kumdai. Mambo hubadilika chungu kinapokuwa cha jirani. Inafaa kulinganisha namna mbili za kurudi na habari hiyo. Namna ya kwanza ni hii:

— Mama, kile chungu chako kimevunjika.
— Kimevunjika? Kimevunjikaje?

Hakuna tusi lililotamkwa, na tungo ni sahihi kisarufi, lakini swali la mwenyewe limekwisha kuwa kali. Aliyeazima ametumia kauli inayomwondoa mtenda, na mtenda ni yeye. Mwenye chungu hulazimika kumtafuta mtu aliyefichwa na kitenzi, na kumtafuta ni kumshtaki. Namna ya pili ni hii:

— Mama, nisamehe. Nimekuvunjia chungu chako.
— Basi, mama, kimevunjika tu. Vyombo huvunjika.

Katika namna hii ya pili kila mmoja ametumia kiambishi kilicho haki yake. Aliyeazima amesema "nimekuvunjia". Amejitaja kama mtenda kwa ni-, na amemtaja mwenzake kama aliyepata hasara kwa -ku- na kiambishi cha kutendea. Kukiri kwake kuna pande mbili: nimefanya, na nimekufanyia wewe. Mwenyewe naye, aliposikia hasara yake imetambuliwa, amejibu kwa -ik-. Amemwondoa mkosaji katika sentensi, na kumwondoa katika sentensi ndiko kumsamehe. Neno "nimekusamehe" halikuhitajika.

Kwa kufuata istilahi ya Penelope Brown na Stephen Levinson katika kitabu chao cha mwaka 1987 juu ya adabu ya lugha, yaweza kusemwa kwamba mkosaji amehatarisha hadhi yake mwenyewe ili kuilinda ya mwenzake, na mwenzake akamrudishia hadhi hiyo mara moja. Kinachofaa kuongezwa kutoka Kiswahili ni kwamba malipo haya yote hufanyika ndani ya mnyambuliko wa kitenzi kimoja. Kitenzi ni kilekile, -vunja, na kilichobadilika ni viambishi vyake tu.

Watoto hufundishwa kanuni hii mapema. Mtoto akiulizwa "nani amevunja kikombe?" hujibu haraka "kimevunjika chenyewe". Mzazi naye huuliza kama kikombe kina miguu. Kwa swali hilo la mzaha mzazi hakatai kauli ya kutendeka. Anachokataa ni mtoto kuitwaa kabla hajapewa. Mtoto akisema "nimekivunja, mama", mara nyingi mzazi huyohuyo ndiye humwambia "basi, kimevunjika, okota vigae usijikate".

Watu wazima pia hupimwa kwa kipimo hicho. Mtunza fedha wa chama asemaye "pesa zimepotea", au mtunza ghala asemaye "unga umepungua", ametumia Kiswahili fasaha kabisa, lakini wasikilizaji hukunja uso. Wanajua kwamba aliyekabidhiwa mali ya wengine hana haki ya kuizungumzia kama mvua iliyonyesha. Methali huonya kwamba mficha maradhi kifo humwumbua, na katika mambo haya kitenzi kisicho na mtenda ni nguo fupi ya kujifichia.

Katika Lusenda umuhimu wa jambo hili ni dhahiri. Chungu kilichovunjwa na mtoto wa jirani wa tangu zamani kina ukoo na miaka mingi ya kukilipia. Chungu kilichovunjwa na mgeni hakina akiba hiyo. Mgeni akikosea kiambishi, mwenyeji aweza kusema kwamba "watu wale" hawana adabu, na kosa la mtu mmoja likawa sifa ya kambi nzima. Mwenyeji naye akimnyima mgeni -ik- baada ya kukiri kwa haki, amemwambia kwamba atabaki mgeni. Hivyo, ujirani wa makundi mawili hujengwa au hubomolewa pia mahali padogo kama hapo, kati ya "nimekuvunjia" na "kimevunjika tu".

7. Mahali ambapo kauli hii haifai

Kanuni iliyoelezwa hueleza pia mpaka wake. Ikiwa kuondoa mtenda ni haki ya aliyepata hasara, basi katika hasara kubwa hakuna mwingine anayeruhusiwa kumwondoa kwa niaba yake. Teritwari ya Fizi inajua jambo hili kwa uchungu. Mwishoni mwa Desemba 1998 na mwanzoni mwa Januari 1999, raia wengi waliuawa huko Makobola na katika vijiji vya jirani. Mtu akiandika kwamba watu "walikufa" Makobola na nyumba "ziliungua", hajakosea sarufi wala hajasema lisilotokea, lakini ameandika juu ya mauaji kwa kiambishi cha maharagwe. Ukweli wadai "waliuawa" na "zilichomwa", kauli ambazo huacha nafasi ya swali "na nani?" hata pale jibu lisipotolewa.

Jambo hili si la nadharia tu. Mkimbizi anapohojiwa, maneno yake ya Kiswahili au Kirundi hupitia kwa mkalimani hadi katika Kifaransa cha karatasi. Kati ya "nyumba yangu iliungua" na "nyumba yangu ilichomwa" kuna tofauti ya ajali na uhalifu, na yaweza kuwa tofauti ya kukubaliwa na kukataliwa. Tena mkimbizi mwenyewe, kwa adabu au kwa hofu, aweza kuchagua kauli ya kutendeka kwa jambo lililotendwa, kwa kuwa amezoea kuwasimulia wageni hasara zake kwa namna isiyomlaumu mtu. Mkalimani anayezijua kauli za vitenzi ataliona hilo na atajua kwamba hapo pana swali la kuulizwa kwa upole. Asiyezijua atatafsiri kwa usahihi na kupoteza ukweli.

Wakati huohuo, haifai kudhani kwamba asimuliaye madogo ameyasahau makubwa. Mtu aliyeacha nyumba nzima ng'ambo ya mpaka aweza kutumia muda mrefu kueleza sufuria iliyotoboka. Sufuria ina hadithi inayoweza kumalizika, ina pole inayotosha, na ina jirani mwenye sufuria yake iliyotoboka pia. Kwa njia hiyo madogo huwafundisha watu wasiojuana kusikilizana. Makubwa, yakija kusemwa siku moja, yatasemwa kwa yule aliyewahi kusikiliza habari ya sufuria vizuri.

8. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba usimulizi wa masaibu madogo ya nyumbani una utaratibu wake: salamu njema, hasara isiyo na mtenda, pole, neno la nafuu, na hasara ya kurudisha. Yameonyesha pia kwamba kauli ya kutendeka ina mwenyewe. Aliyepata hasara huitumia kwa uhuru. Aliyeisababisha hukiri kwanza kwa kauli yenye mtenda na mtendewa, kisha huipokea kutoka kwa mwenzake. Katika maovu yaliyotendwa kwa makusudi, hakuna amwondoleaye mtenda nafasi yake ila kwa kuuficha ukweli.

Mambo mawili yafuatayo yafaa kuzingatiwa na walimu. Kwanza, mnyambuliko wa vitenzi usifundishwe kama jedwali la viambishi tu. Mwanafunzi aulizwe pia ni nani, katika hali gani, anaruhusiwa kusema kila tungo. Swali hilo litamfunza mengi kuliko kukariri kwamba -ik- huonyesha hali. Pili, mafunzo ya wakalimani katika maeneo ya wakimbizi yaweke kauli za kutendeka na kutendwa mahali pa kwanza, mbele hata ya istilahi za sheria, kwa kuwa istilahi yaweza kutafutwa kamusini, lakini mtenda aliyepotea katika kitenzi hapatikani humo.

Anayetaka kuanza uchunguzi wa jambo hili hahitaji kwenda mbali. Asikilize jikoni kwake, siku chombo kitakapoanguka, ni nani atakayetangulia kusema, na kwa kiambishi gani.